Nina skrini ya 1440 na Sh60,000: ninunue kadi gani ya grafiki?

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu kutoka Umoja. Nimeisoma safu hii kwa muda mrefu, na leo imenibidi nami niandike kwa sababu jambo hili limeanza kunikosesha raha nyumbani.

Nina umri wa miaka 31, nina mke na mtoto wa miaka miwili, na ninafanya kazi ya kuweka rekodi za bohari katika Eneo la Viwanda. Starehe yangu ni moja tu. Mtoto akishalala, kati ya saa tatu na saa tano za usiku, huketi mbele ya kompyuta nikacheza gemu. Hucheza kandanda mtandaoni na shemeji yangu aliye Nakuru, hucheza Counter-Strike 2 na marafiki wa zamani wa shule, na wikendi hutaka kuzama katika gemu zenye hadithi ndefu kama Cyberpunk 2077, ambayo niliinunua ilipopunguzwa bei na mpaka leo sijafika mbali nayo.

Mwezi Machi mwenzangu kazini aliyekuwa akihamia Kisumu aliniuzia skrini yake kwa Sh20,000. Ni ya inchi 27, rezolusheni yake, yaani idadi ya vitone vya picha (pikseli), ni 2560 kwa 1440, na inafikia hezi 165. Kabla ya hapo nilikuwa na skrini ya ofisi ya 1920 kwa 1080, na kadi yangu ya grafiki, ile inayochora picha, aina ya GTX 1650 yenye kumbukumbu ya GB 4 iliniridhisha kabisa. Tangu nibadilishe skrini, gemu zilezile zinakwamakwama. Nikishusha rezolusheni hadi 1080 zinakimbia vizuri, lakini picha inaingia ukungu kana kwamba ninatazama kupitia dirisha la matatu siku ya mvua. Nimeanza kujuta kuinunua skrini ambayo kila anayeiona huisifu.

Zamu yangu ya chama imefika, na tumekubaliana na mke wangu kwamba Sh60,000 ziende kwenye kadi, wala si shilingi moja zaidi. Duka moja mjini, karibu na Moi Avenue, limenitajia RTX 4060 mpya ya GB 8 kwa Sh56,000. Fundi mmoja ana RTX 3060 ya GB 12 iliyotumika, na anaitaka Sh38,000. Binamu yangu anasema zote mbili ni kupoteza pesa. Ananihimiza nikope kwa simu niongezee hadi nipate RTX 5070, kwa kuwa, asemavyo yeye, skrini ya namna hii ni aibu kuiwekea kadi ya kubahatisha.

Nina hofu nyingine pia. Mwaka juzi niliuziwa kadi iliyoandikwa RX 580, na nilipofika nyumbani nikagundua kwamba ni ile aina iliyopunguzwa nguvu. Muuzaji alikataa katakata kuipokea, nikaiuza kwa hasara ndipo nikapata hii 1650. Sitaki mke wangu aone jambo hilo likijirudia.

Kompyuta yangu iliunganishwa na fundi: prosesa ni Ryzen 5 3600, ubao mama ni wa B450, na RAM ni GB 16. Pawa saplai, kile kisanduku cha umeme, imeandikwa wati 500, lakini kampuni yake sijawahi kuisikia. Kwenye kibandiko chake, mstari wa 12V umeandikwa 22A. Je, nichukue kadi gani?

Mwenye Skrini Kubwa,
Umoja, Nairobi

*

Ndugu yangu wa Umoja,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na kabla ya yote nakuomba uache kuijutia skrini hiyo. Ulinunua kitu kizuri kwa bei nzuri, na kitakaa nawe kwa miaka mingi kuliko kadi yoyote utakayoichomeka nyuma yake. Mtu anayenunua kadi kwanza, kisha akatafuta skrini ya kulingana nayo, mara nyingi hulipia nguvu ambayo macho yake hayataiona. Wewe umeanza mahali panapofaa, kwa sababu skrini ndiyo inayoamua ni kazi kiasi gani kadi itapewa. Sasa tuipime kazi yenyewe.

Skrini yako ya zamani ilikuwa na pikseli 1920 kwa 1080, ambazo ukizidisha ni 2,073,600. Hii ya sasa ina 2560 kwa 1440, yaani 3,686,400. Kwa kila picha moja, kadi yako imeongezewa kazi kwa karibu asilimia 78, nawe hukuiongezea chochote. GTX 1650 ni kadi ya mwaka 2019 iliyoundwa kwa ajili ya skrini kama ile uliyokuwa nayo, na zaidi ya hayo ina GB 4 tu za kumbukumbu. Gemu inapohitaji kuhifadhi picha za kuta, nguo, nyuso na vivuli kuliko nafasi iliyopo, kadi hulazimika kuzichota kutoka kwenye RAM ya kompyuta kupitia njia iliyo ya polepole mno ikilinganishwa na kumbukumbu yake yenyewe, na hapo ndipo unapoona ule mkwamo wa ghafla unapogeuza kona.

Kuhusu ukungu unaouona ukishusha hadi 1080, skrini yako haina kasoro yoyote. Ukigawanya 1440 kwa 1080 unapata moja na theluthi, na pikseli moja haiwezi kutandazwa juu ya pikseli moja na theluthi bila kingo zake kuchanganyika na za jirani yake. Kwa hiyo usikubali ushauri wa kununua kadi ya bei ndogo kisha uchezee 1080 siku zote. Hapo utakuwa umeigeuza skrini nzuri kuwa mbaya kuliko ile uliyoiacha.

Sasa hizo hezi 165, ambazo nadhani ndizo zinazompandisha mori binamu yako. Zinamaanisha kwamba skrini inaweza kubadilisha picha mara 165 kwa sekunde, si kwamba ni lazima kadi ichore fremu 165, yaani picha 165 kwa sekunde, katika kila gemu. Katika Counter-Strike, ambamo mshindi huamuliwa kwa kupepesa jicho, fremu nyingi zina faida ya kweli, na gemu hiyo si nzito sana kwa kadi. Mara nyingi prosesa ndiyo huwa kikomo. Katika Cyberpunk mambo ni tofauti, kwa sababu pale unatembea mjini ukitazama mvua na taa, na fremu 60 hadi 80 zilizotulia zitakutosheleza kabisa. Iwapo skrini yako ina FreeSync, kama ilivyo kwa skrini nyingi za kiwango hicho, basi itaifuata kadi popote inapopandia na kushukia, kwa kawaida kuanzia karibu fremu 48 kwa sekunde, na hutaona picha ikikatika katikati. Tangu Januari 2019 kadi za Nvidia, kampuni ya GTX na RTX, pia huweza kutumia skrini za aina hiyo, kwa hiyo usitishwe na anayekuambia kwamba FreeSync ni ya kampuni shindani ya AMD peke yake.

Basi unachohitaji ni kadi inayoweza kuibeba 1440 kwa utulivu na yenye kumbukumbu ya kutosha kwa gemu za hadithi. Ukiniuliza kiasi, nitakuambia kwamba kwa mtu anayenunua leo kwa ajili ya 1440, na anayetarajia kukaa na kadi hiyo miaka mitatu au minne, GB 12 ndiyo mahali pa kuanzia. GB 8 bado zinacheza, lakini gemu nyingi mpya zitakudai ushushe ubora wa picha mapema kuliko ulivyotaka.

Sitaki kumdhulumu muuzaji wa RTX 4060. Ni kadi nzuri. Ilipotoka Juni 2023 ilitangazwa kwa dola 299, ambazo kwa kiwango cha takriban Sh129 kwa dola ni karibu Sh38,600. Ukiongeza VAT ya asilimia 16 unafika karibu Sh44,700 kabla ya usafiri, ada za forodha na faida ya duka, kwa hiyo Sh56,000 si bei ya kukuibia. Ina kasi kuliko 3060, inakula umeme kidogo, wati 115 dhidi ya 170, na ina uwezo wa kubuni fremu za ziada kati ya zile halisi, jambo ambalo 3060 haikupewa na Nvidia. Kama ungekuwa bado na skrini ya 1080, ningekuambia uichukue na barua hii ingeishia hapa.

Lakini skrini yako ni ya 1440, na hapo udhaifu wake unajitokeza. Njia yake ya kumbukumbu ina upana wa biti 128, inayopitisha GB 272 kwa sekunde, ilhali ile ya 3060 ina biti 192 na hupitisha GB 360. Kisha kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji kwa sababu halijaandikwa kwenye boksi: RTX 4060 huunganishwa na ubao mama kwa njia nane za data, si 16, na ubao wako wa B450 ni wa kizazi cha PCIe 3.0, ambacho kila njia yake ina nusu ya kasi ya ile 4.0 ambayo kadi hiyo ilitengenezewa. Kumbukumbu isipojaa, hutaona tofauti kubwa. Ikijaa, na kwa GB 8 kwenye 1440 itajaa siku moja, data italazimika kupita kwenye mlango uliobanwa mara mbili, na utarudi kwenye mikwamo ileile iliyokufanya uniandikie. Zile fremu za kubuniwa nazo hutumia kumbukumbu, wala hazipunguzi uchelewaji wa mkono wako; hupendeza pale ambapo kadi tayari inakimbia vizuri, lakini haziinui iliyozama.

Hata hivyo, hata kama ningeipenda 4060 kuliko hivi, bado nisingekuruhusu kuinunua kwa Sh56,000, na sababu ni ile nambari uliyoninakilia kutoka kwenye pawa saplai. Nakushukuru kwa kuinakili, kwa kuwa watu wengi hutazama ile namba kubwa ya wati 500 na kuamini kila kitu. Umeme unaoendesha kadi na prosesa hutoka kwenye mstari wa 12V. Zidisha volti 12 kwa ampea 22 upate wati 264. Huo ndio uwezo wa kweli wa kisanduku chako, na hizo zilizobaki zimeandikwa ili kukipamba. Pawa saplai ya kweli ya kiwango hicho huwa na ampea 38 au zaidi kwenye mstari huo.

Umekaa salama mpaka sasa kwa sababu GTX 1650 hutumia wati 75 tu, ambazo huweza kupata zote kutoka kwenye ubao mama. Ukiweka 3060, utahitaji wati 170 za kadi, hadi wati 88 za prosesa yako inapokimbia kwa nguvu, na karibu 50 za ubao, diski na feni. Jumla ni kama wati 308 juu ya kisanduku cha 264. Kwa 4060 jumla ni karibu 253, yaani utakuwa ukiendesha kisanduku kisichojulikana jina kikiwa kimejaa hadi shingoni, saa mbili kila usiku, mtoto akiwa amelala chumba cha pili. Nimeona kompyuta zilizokufa pamoja na kadi mpya kwa sababu ya visanduku vya namna hiyo, na ni maiti zinazouma, kwa kuwa aliyezilipia alikuwa amejinyima. Mtu akikupa adapta ya kubadilisha waya wa diski uwe plagi ya kadi, ikatae. Plagi isiyokuwepo kwenye pawa saplai ni dalili kwamba kisanduku hicho hakikukusudiwa kubeba kadi kama hiyo.

Kwa hiyo bajeti yako ya kadi si Sh60,000. Tenga kama Sh9,000 kwanza kwa ajili ya pawa saplai mpya, wala si iliyotumika, ya kampuni inayojulikana, yenye wati 550 na alama ya 80 Plus Bronze (ya kutopoteza umeme mwingi), na kabla ya kulipa soma kibandiko chake ule mstari wa 12V kama ulivyosoma hiki. Hata Nvidia wenyewe hupendekeza wati 550 kwa RTX 3060. Ukizingatia jinsi stima inavyopotea na kurudi kwa kishindo katika mitaa yetu, kisanduku hicho ndicho kinga ya kila kitu kilicho ndani ya kompyuta.

Ukishafanya hivyo, 4060 inakufikisha Sh65,000 na kuvunja ahadi yako. RTX 3060 kwa bei ya fundi inakufikisha Sh47,000. Hiyo ndiyo nakushauri uichukue, kwa masharti nitakayokueleza, na kwa bei iliyo chini ya hiyo. Kadi hii ilitoka Februari 2021 kwa dola 329, ambazo kwa kiwango cha leo ni karibu Sh42,400. Kuitaka Sh38,000 baada ya miaka yote hii ni mwanzo wa mazungumzo, si mwisho wake. Mwambie fundi kwa upole kwamba una pesa taslimu, na kwamba utailipia akikuruhusu kuipima.

Kumpima fundi na kadi yake ndiko nitakakokawia kidogo, kwa sababu ya lililokupata mwaka juzi. RX 580 kamili ina viini (vitengo vya kuchakata) 2304. Ile uliyouziwa ina 2048, na huwekwa kwenye boksi lenye jina lilelile. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inakataza kumuuzia mtu bidhaa kwa maelezo ya kupotosha, lakini mtu asiye na risiti ana kazi ngumu ya kuitumia sheria hiyo, kwa hiyo jilinde kabla ya pesa kutoka mkononi. Jina RTX 3060 nalo lina mtego wake. Mwishoni mwa 2022 ilitoka aina nyingine yenye jina hilohilo, lakini ina GB 8 na njia ya biti 128, na kwa 1440 ni dhaifu waziwazi. Kuna pia kadi ambazo watu wa viwandani China walichukua vipande vya 3060 vya laptopu wakavibandika kwenye ubao wa kadi ya mezani. Hizo huwa na GB 6.

Nenda mchana, usiende jioni wakati fundi anafunga. Beba flashi yenye programu ya GPU-Z, ambayo ni ya bure na haihitaji kusakinishwa, uifungue kadi ikiwa ndani ya kompyuta yake. Unatafuta mambo matatu: viini 3584, kumbukumbu ya MB 12288, na upana wa biti 192. Likikosekana moja, mshukuru na uondoke. Yakiwepo yote, mwombe akuachie uiendeshe gemu nzito au programu ya majaribio kwa nusu saa nzima, si dakika tano, kwa sababu kadi mbovu nyingi hujificha mpaka zipate joto. Tazama vitone vya rangi visivyo na maana, mistari, skrini kuzimika na kuwaka. Tazama joto, likipanda kupita nyuzi 83 na kuendelea kupanda, huenda ni vumbi na pasta ya kupitisha joto iliyokauka, jambo linalotibika, lakini liwe sababu ya kushusha bei. Sikiliza feni kwa sikio la karibu. Chomeka skrini kwenye kila tundu la nyuma uhakikishe yote yanafanya kazi.

Muulize pia bila kumwaibisha kama kadi ilichimba sarafu za kidijitali. Ethereum iliacha uchimbaji wa kadi tarehe 15 Septemba 2022, na baada ya hapo kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zilimwagika sokoni. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu, kwa kuwa nyingi zilipunguziwa umeme na kuendeshwa kwa joto la wastani, lakini feni zake zimezunguka sana na pasta yake imezeeka. Kama fundi ana biashara iliyosajiliwa, mlipe kupitia nambari ya till, usimtumie pesa kwenye simu yake binafsi, na uombe risiti yenye nambari ya utambulisho ya kadi (serial number) na maneno yaliyoandikwa wazi, "RTX 3060 GB 12", pamoja na dhamana ya angalau wiki mbili. Asiyetaka kuyaandika maneno hayo amekwisha kukujibu.

Utakutana na majina mengine mjini, nami sitaki yakuyumbishe. RX 6700 XT ya AMD, ambayo pia ina GB 12, ni ya kasi kuliko 3060 kwenye 1440, na ukiipata iliyotumika kwa bei ya kukaribiana ichukue bila wasiwasi, ila inakula wati 230, kwa hiyo pawa saplai iwe ya wati 650. Intel Arc B580, iliyotoka Desemba 2024 ikiwa na GB 12 kwa dola 249, inavutia sana kwenye karatasi, lakini draiva zake, yaani programu zinazoiendesha kadi, huitwisha prosesa mzigo, na waliozipima mwanzoni mwa 2025 walionyesha kwamba ikiwa na prosesa za umri wa Ryzen yako hupoteza sehemu kubwa ya nguvu. RX 9060 XT ya GB 16 ndiyo ningekutakia kwa moyo wote, na ilitangazwa kwa dola 349. Ila ukiongeza VAT peke yake imefika karibu Sh52,200, na pamoja na usafiri, faida ya muuzaji na pawa saplai itakutoa nje ya kile mlichokubaliana nyumbani.

Binamu yako anakupenda, na kadi aliyoitaja ni nzuri. RTX 5070 ilitangazwa kwa dola 549, ambazo pamoja na VAT ni zaidi ya Sh82,000 kabla haijapanda ndege. Inataka wati 250 na pawa saplai kubwa zaidi, na Ryzen 5 3600 yako itashindwa kuilisha katika gemu nyingi, kwa hiyo utalipia fremu ambazo prosesa haitaziruhusu zitokee. Na mkopo wa simu kwa ajili ya starehe ya saa mbili za usiku, uliochukuliwa nyuma ya mke aliyekubali kwa hiari Sh60,000 za chama ziende kwenye gemu, mimi siwezi kukuandikia neno lolote la kuutetea.

Kadi ikishaingia nyumbani, iunganishe na skrini kwa waya wa DisplayPort uliochomekwa kwenye kadi yenyewe, si kwenye ubao mama, kisha ingia kwenye mipangilio ya Windows uchague hezi 165, kwa sababu mara nyingi huachwa kwenye 60 na mwenyewe asijue. Washa FreeSync kwenye menyu ya skrini na G-Sync, jina la Nvidia la kazi hiyohiyo, kwenye programu ya Nvidia. Katika Cyberpunk acha rezolusheni ya 1440, kisha washa DLSS katika kiwango cha Quality. Hapo kadi itachora picha ya 1707 kwa 960, pikseli pungufu hata ya zile za 1080, na kuipanua kwa ustadi hadi 1440 bila ule ukungu ulioulalamikia. Weka ubora wa tekscha (zile picha za kuta, nguo na nyuso) juu, kwa kuwa una GB 12 za kuzipokea, na ushushe vivuli na miali ya nuru, ambavyo ndivyo hula nguvu. Prosesa usiiguse kwa sasa. Ukiona baadaye kwamba katika Counter-Strike kadi inafanya kazi nusu tu ilhali fremu hazipandi, ubao wako wa B450 utaipokea Ryzen 5 5600 baada ya kusasisha BIOS, programu yake ya kuwashia kompyuta, lakini hilo ni la zamu nyingine ya chama. Umeme, kwa saa mbili za kila usiku pamoja na skrini, utakuwa karibu uniti 20 kwa mwezi, nawe mwambie mama mtoto mapema ili tokeni zisije zikaleta maswali.

GTX 1650 usiiuze siku hiyohiyo. Ihifadhi kwenye boksi kwa zile wiki mbili za dhamana, ili kama 3060 ikisumbua uirudishe kwa fundi bila kubaki na skrini nyeusi. Dhamana ikipita salama, iuze kwa mtu mwenye skrini ya 1080, umwonyeshe GPU-Z kabla hajakuomba, na pesa zake uzirudishe nyumbani pamoja na zile zilizobaki kwenye Sh60,000.